Kikomo cha Picha Kiandikwe Wapi?

Kila asubuhi Bi Siok-hun alipika uji wa viazi vitamu, akachana karatasi ya jana kwenye kalenda ya ukutani, kisha akawasha kompyuta. Mwanawe Bun-hiong ni baharia. Kila siku humtumia mama yake ujumbe wa sauti. Tangu mumewe afariki, hakuna sauti nyingine iliyosikika nyumbani mle.

Sasa ilikuwa siku ya saba bila ujumbe.

"Amenichoka," aliiambia sufuria. Kwa uchungu, naye hakumtumia neno. Uji ukapoa.

Kompyuta nayo ilikuwa ikikwama, basi juu yake aliweka pakiti mpya ya kijani ya bisi. Hapa Hualien, Taiwan, wengi tunafanya hivyo ili mashine isilete ukaidi; ila bisi zikiisha muda, kinga nayo huisha. Haikusaidia. Akamwita jirani, Mwalimu Lok-seng, aliyefundisha kompyuta hadi akastaafu.

"Bisi ni za mwaka gani hizi?" Mwalimu alitania.

"Hazijaisha muda! Usinicheke, Mwalimu."

Mwalimu akachungulia. "Dada, diski imejaa. Hakuna kinachoweza kuingia. Kamera yako ya mlangoni imehifadhi picha laki tatu. Zote za paka!"

"Lakini Bun-hiong aliiwekea kikomo. Picha mia mbili kwa siku."

"Alikiandika wapi?"

"Ndani ya programu yenyewe ya kamera."

"Ndiyo maana. Programu ilijisasisha. Toleo jipya limefuta la zamani, na kikomo kikaenda nalo. Wewe dawa zako unaziandika kwenye kalenda?"

"Karatasi ya kuchanwa kesho? Mimi si mjinga! Nimeziandika kwenye mlango wa friji."

"Basi kikomo nacho kinataka mlango wake wa friji."

"Tukiweke kwenye folda ya picha?"

"Huko tunafuta kila mara. Kitafutwa pia."

Mwalimu akatengeneza faili dogo kwenye folda ya mipangilio, mbali na programu, mbali na picha. Akaandika: mia mbili kwa siku. Akaiagiza programu ilisome faili hilo kila inapowaka. Akafuta paka. Kisha akaisasisha programu tena makusudi. Kikomo kilibaki palepale.

"Siku ukitaka mia tatu, badilisha hapa tu," alisema.

Mara ujumbe ukaanza kuingia. Mmoja, wa pili, hadi wa saba. Bi Siok-hun akafungua wa mwisho kwanza.

"Mama, wiki nzima hunijibu. Nimekukosea nini?"

Mwalimu akachukua kofia yake, akatoka polepole.

"Hujanikosea, mwanangu," Bi Siok-hun alilia, kabla hata hajabonyeza kitufe cha kurekodi.