Sungusungu wa Kifuani

Kila Jumamosi asubuhi Kokushubila alikata nyasi bondeni, akazitandaza upya sakafuni, sebuleni kwa shangazi yake Clotilda, kisha akaenda kugeuza kahawa iliyoanikwa uani. Waliishi Kagoma, wilayani Muleba, miaka ile ambayo vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini watu hawakupumzika. Ugonjwa mpya ulikuwa umeingia, nao ulikuwa umeua wengi. Mama yake Koku alikuwa mmoja wao.

Jumamosi hii Koku hakutulia hata kidogo. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Mafua yalikuwa yamelikumba darasa lao zima. Rafiki yake Zuena alikwisha kupona, anacheza rede. Kwa Koku mafua yalishuka kifuani, na kila alipovuta pumzi kifua kililia kama filimbi.

"Koku, kifua vipi?" shangazi aliuliza kutoka jikoni.

"Kizima, shangazi!"

Uongo huo! Kizima gani kinachopiga filimbi?

Lakini tusimlaumu haraka. Shuleni walifundishwa kwamba virusi vya Ukimwi huua askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Koku akapiga hesabu yake mwenyewe: wenzangu wamepona, mimi sijapona, basi askari wangu wameisha, kama wa mama. Angemwambia nani? Pale kijijini ukikohoa mara mbili tu, watu walianza kutazama kama nguo zinakupwaya. Kwa hiyo akawa anakwenda kukohoa nyuma ya migomba, mkono mdomoni.

Adhuhuri mawingu yakatanda. "Mvua! Kahawa, Koku, kahawa!" shangazi akapiga kelele. Zuena, aliyekuwa amekuja kumtembelea, akashika upande mmoja wa jamvi, Koku akashika mwingine, wakakimbia. Jamvi la pili halikufika mlangoni. Koku alipiga magoti, mabega yakipanda na kushuka, akitafuta hewa asiipate.

"Mawe, mama wee! Mtoto wangu anakufa!" Clotilda alilia.

Majirani wakaja, wakasimama mbali. "Ndiyo yale yale ya mama yake," mama mmoja akanong'ona, tena kwa sauti ya kusikika.

"Jamani, waitu, leteni pikipiki!" Zuena alilia huku akimshikilia rafiki yake.

Aliyesogea ni Mzee Rugaibula, katekista. Aliwasha pikipiki yake, akampakia Koku katikati, shangazi nyuma, wakaondoka na mvua ile ile mpaka hospitali ya Rubya.

Daktari Mutembei alimchoma Koku sindano ya mshipa, taratibu, akaamuru awekewe oksijeni. Baada ya muda filimbi ikapungua. Neno la kwanza la Koku lilikuwa, "Daktari, askari wangu wameisha?"

"Nani kakwambia?"

Koku akaeleza yote huku akilia. Shangazi akaziba uso kwa khanga.

"Kifua hiki kilianza lini?" daktari alimuuliza shangazi.

"Tangu hajajua kusema vizuri, daktari. Wakati huo mama yake alikuwa mzima kabisa, analima. Kila mafua, filimbi."

"Basi ni pumu. Koku, sungusungu wa kwenu wakisikia kuna mwizi wa ndizi, wanafanyaje?"

"Wanakuja wote na marungu."

"Na migomba inabakije?"

Koku akatabasamu kidogo. "Inakanyagwa yote."

"Ndivyo kilivyo kifua chako. Virusi vya mafua huingia kwenye njia za hewa, kama mwizi mmoja. Kwa mwenzako askari humkamata, wakatulia. Kwako huja wengi, wana hasira kupita kiasi. Njia za hewa zinavimba, zinabana, zinajaa makohozi. Hewa ipite wapi? Askari wako hawajaisha, mwanangu. Wana fujo!"

Koku alilia tena, safari hii kwa furaha.

"Na ule ugonjwa unaouogopa," daktari aliendelea, "hupimwa kwenye damu, haupimwi kwa macho ya majirani. Ungekuja asubuhi, vidonge vingetosha. Karibu ufe kwa pumu huku ukiogopa kitu kingine."

"Kosa ni langu pia," shangazi alisema. "Nilikijua kifua chako tangu utotoni, nikaona aibu kukitaja mbele za watu. Mficha maradhi kilio humfichua, mwanangu. Kuanzia leo kifua kikilia, sema. Nami nitasema."

Mafua hayakukawia kurudi. Yalirudi siku ya ugeni, sebule imejaa majirani wakitafuna punje za kahawa kavu. Koku alisimama mlangoni, akawatazama wote. Angeweza kukimbilia migombani.

"Shangazi," akasema kwa sauti, "sungusungu wameamka."

Yule mama aliyenong'ona siku ile aliacha kutafuna. Clotilda akainuka, akachukua vidonge kabatini.

"Ni pumu, waitu," aliwaambia wageni. "Pumu haiambukizi. Mafua yenyewe mnayo nyote, mnajifuta pua hapa tangu asubuhi. Ugonjwa ukitajwa jina lake, mtu hutibiwa. Ukinong'onwa, mtu huzikwa."

Kisha yule mama akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maji. Alimpa Koku yeye mwenyewe, mkono kwa mkono.