Bangili Kutoka Duka Lililofungwa

Ilikuwa Jumatano, saa saba mchana, mvua ya rasharasha ikinyesha. Shangazi alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa hoteli, siku ya pili ya safari yake ya ng'ambo kutibiwa macho. Simu yake iliponasa intaneti ya hoteli, ujumbe wa benki ya kwao ukaingia, na mpwa wake akamsomea: kadi yake ilikuwa imelipia bangili ya dhahabu kwenye duka la vito, saa mbili na robo asubuhi.

Mpelelezi alipofika, mhudumu wa mezani alikuwa amekwisha kukalishwa kitini, mlinzi akiwa mlangoni.

"Wakati huo kadi alikuwa nayo huyu," mpwa alisema. "Tulimpa alipie chai, akapotea nayo karne nzima."

"Afande, mashine ilikuwa inaikataa kadi ya nje," mhudumu alijitetea. "Nikifungwa, wanangu watalelewa na nani?"

"Namba ya siri anaijua nani?" mpelelezi aliuliza.

"Mimi na mwanangu huyu," alijibu Shangazi. "Hunibonyezea. Mimi vitufe naviona ukungu mtupu."

"Na jana huyu alisimama begani kwangu nikibonyeza," mpwa aliongeza upesi.

Kesi ilielekea kuwa nyepesi. Mpelelezi alilipigia simu duka la vito.

"Saa mbili?" muuzaji alicheka. "Sisi tunafungua saa nne. Labda aliuziwa na paka. Samahani, nina wateja." Akakata.

Mlinzi naye aliapa kwamba mhudumu hakuvuka lango asubuhi yote. Mpelelezi alichanganyikiwa. Kadi ilikuwa hotelini, duka lilikuwa na kufuli, na bangili ilikuwa imenunuliwa. Kila aliposhika ncha moja, nyingine ilimponyoka.

"Nipeni maji," Shangazi alisema, akiisogeza saa yake ya mkononi karibu na pua. "Saa tano hii. Muda wa dawa."

Mpelelezi alitazama saa ya ukutani. Saa nane kamili.

"Mama, saa yako imekufa?"

"Ife kwa nini? Sijaigeuza tangu nyumbani. Dawa nakunywa kwa saa za kwetu."

Mpelelezi aliusoma tena ujumbe wa benki.

"Basi benki yako nayo haikusafiri," alisema. "Saa mbili na robo za kwenu ni saa tano na robo za hapa. Wakati huo ulikuwa wapi?"

"Kliniki, nimetiwa matone, nimefumba macho."

"Na mkoba wenye kadi?"

"Si nilimwachia mwanangu nje, kwenye…" Akamgeukia mpwa wake.

Mpwa alikuwa akilitazama zulia, mkono mmoja mfukoni.

"Kijana, toa mkono huo mfukoni. Na kilichomo," mpelelezi alisema.

Kikatoka kiboksi chekundu.

"Mchumba wangu alisema nisirudi mikono mitupu," alinong'ona. "Nilikuwa nimewatambia wakwe. Shangazi, ningekwambia."

"Ungeniambia huyu akiwa jela?"

Mpwa alikiweka kiboksi mezani.

Mpelelezi aliondoka naye kwenda kituoni. Muuzaji aliipokea bangili na kurudisha malipo kwenye kadi. Meneja alimwomba mhudumu radhi, tena mbele ya wageni. Shangazi alikunywa dawa yake, akaiacha saa yake vilevile. Kesho yake, alipoitwa tena na daktari, mkoba alimkabidhi mhudumu.