Masizi ya Jiko la Mama

Mlango wa kijumba cha mezani ulikuwa wazi. Mwanarusi aliuona alipokuja kufuta meza asubuhi, akasimama na kitambaa mkononi, kwa sababu mlango ule haukuwa mlango. Ulikuwa kipande cha kijiti cha aiskrimu kilichokatwa kwa wembe, kikapakwa rangi ya kijani na kubandikwa kwa gundi ambayo mumewe alijisifu kuwa ingeshika hata gurudumu la lori. Nyuma yake palikuwa na kadibodi tu. Sasa kipande kile kilikuwa kimefunguka kwa ndani, na huko ndani palikuwa na giza.

"Salehe! Wewe ndio umefungua mlango ya hii takataka yako?"

"Hiyo haifunguki," Salehe akajibu kutoka bafuni. "Nimeigundisha."

Mwanarusi akaubonyeza kwa kidole, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, ukajifunga. Siku hizo alikuwa akila hasira na kunywa hasira. Wanawake wengine hulia kwamba waume zao wana nyumba ndogo huko nje. Huyu wake alikuwa ameileta hadi sebuleni, hapo hapo Gatongora, akaiweka juu ya meza ya kulia na kuipapasa kwa brashi kila jioni.

Tena kama kingekuwa kijumba kingine, angenyamaza. Salehe aliishi kwa kazi hiyo ya kuwaundia wachora ramani za majengo nyumba za kadibodi. Lakini hiki kilikuwa nyumba ya kwao. Kilikuwa ile kota ya zamani kando ya reli, Thika, ambayo Mwanarusi alizaliwa humo na mama yake, Bi Farhiya, akazeekea humo, hadi asubuhi ile tajiri mmoja aitwaye Gachanja, aliyenunua kiwanja, alipokuja na tingatinga watu wakiwa bado wanachemsha chai. Bi Farhiya alitoka na leso mwilini na sufuria moja, akahamia kwa binti yake. Sasa Gachanja alikuwa amemaliza ghorofa zake, na alitaka mfano wa kota ile ile aliyoivunja uwekwe mapokezi, ndani ya kioo, ili wanunuzi waone kwamba mahali pana historia. Fundi aliyemtafuta ni Salehe. Na Salehe, bila haya, alikubali.

"Kazi ni kazi," alimwambia mkewe.

"Basi lala na kazi," Mwanarusi akamjibu, na tangu siku hiyo alilala chumbani kwa mama yake.

Mkono wa Salehe ulikuwa na baraka, hilo hata mkewe hakulikana. Mabati aliyapata kwa kukata mikebe ya soda na kuikandamiza juu ya kitana, mpaka mikunjo ikatoka sawasawa. Mawe ya ukuta aliyachonga kwenye plasta, moja baada ya jingine. Tatizo lilikuja alipomaliza: kijumba kiling'aa kama keki ya harusi. Akaanza kukizeesha. Akakipaka chai ya rangi, akakipuliza unga wa chaki, akakwaruza rangi ya dirisha. Bado kilikuwa kitu cha kuchezea watoto. Ndipo akaenda Thika kwenye kifusi cha kota kilichorundikwa kando ya reli, akayatafuta mawe ya jikoni, akayakwangua masizi kwa kijiko na kuyatia ndani ya kopo. Aliporudi aliyapaka kwa kidole juu ya dirisha la jikoni la kijumba, na nyumba ikazeeka mbele ya macho yake. Akapiga mluzi kwa furaha.

Kesho yake ndipo mlango ulipofunguka, na siku hiyo hiyo Bi Farhiya akaanza kukohoa.

Kwanza walidhani ni baridi ya Julai. Kisha ikaja harufu ya makaa, nzito, ya kukaba koo, katika nyumba inayopika kwa gesi. Kisha mabati yakaanza kulia. Wale waliokulia chini ya mabati wanaijua sauti ile ya adhuhuri, jua linapoyachoma yakajinyoosha na kupasuka kwa mlio: ta! ta! Lakini wao walikaa orofa ya pili, na juu ya dari lao kulikuwa na zege na familia ya watu. Mwanarusi alitoka akamuuliza jirani wa juu. Jirani hakuwa amesikia kitu.

Zahanati walisema kifua cha mama ni kisafi. Kisafi! Mwanarusi aliwarushia mezani pao leso aliyotemea mama, imejaa mate meusi, akamshika mama yake mkono wakaondoka.

Magharibi ya siku hiyo, umeme ukiwa umepotea mtaa mzima, alikuwa amekaa kando ya kitanda akimpepea mama kwa kifuniko cha ndoo alipousikia mlango, si wa chumba, si wa nje, bali ule mdogo, ukifunguka kwa mlio mwembamba wa bawaba ambazo hakuna mtu aliyeziweka, na baada yake nyayo, ndogo kwanza, nyepesi kama za panya juu ya meza, kisha chini sakafuni zikiwa za paka, kisha kwenye korido zikiwa za mtoto, zikizidi uzito kwa kila hatua, hata zilipofika kizingitini zilikuwa za mtu mzima aliyechoka, na kitanda kikabonyea upande wa pili bila mtu kuonekana, na Bi Farhiya akaanza kutafuta pumzi.

"Mama," Mwanarusi akanong'ona. "Mama, ni nini?"

"Usipige kelele," mama akajibu kwa shida. "Ni la jikoni. Nani amekwangua ukuta wangu?"

Hapo Mwanarusi akakumbuka. Kila Idi walipopaka nyumba rangi, walipaka kuta tatu za jiko na kuuacha ule wa nyuma ya moto. Yeye alidhani ni rangi iliyokwisha. Sasa mama alimweleza kwa vipande, kati ya kikohozi na kikohozi: masizi yale yalikuwa na mwenyewe, jini la jiko, tangu enzi za bibi yake. Hayakwanguliwi. Ukitaka kumwaga maji ya moto pale, unaomba radhi kwanza. Tingatinga halikuomba. Salehe naye, na kijiko chake, hakuomba.

Salehe alisikia yote akiwa mlangoni. Akatoka mbio, akarudi na Ustadhi Fahim, mwalimu wa madrasa kule Mugutha, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Fahim akawasha ubani, akasoma kwa muda mrefu. Kisha Bi Farhiya akaketi wima peke yake, akafumbua kinywa, ikatoka sauti isiyo yake, kavu kama jivu.

"Nani kavunja?"

"Ondoka kwa amani," Fahim akasema. "Huyu mama hana kosa."

"Niende wapi? Nani kavunja?"

Fahim akawageukia wengine. "Msijibu," akanong'ona. "Kesho tutayarudisha masizi pale yalipotoka, kwa dua na kwa kuomba radhi. Litatulia. Lakini msilitajie jina la mtu, wala msilipe hasira yenu. Likipewa hasira, linahamia kwa mwenye hasira."

Shauri lilikuwa zuri, na Mwanarusi alilielewa vizuri sana. Lakini alimtazama mama yake, midomo imekuwa ya buluu, akaikumbuka ile sufuria moja, akaukumbuka uso wa Gachanja akiongea na simu huku ukuta unaanguka.

"Gachanja!" akapiga kelele. "Gachanja ndiye alivunja! Mwache mama yangu. Hasira yangu yote ichukue, uende nayo kwake!"

Ubani ukazimika. Bi Farhiya akashusha pumzi ndefu, safi, akalala.

"Dada yangu," Fahim akasema, "umefanya nini?" Lakini Mwanarusi alikuwa anacheka.

Yeye mwenyewe alishinikiza kijumba kipelekwe, na Salehe, kwa woga wa kukaa nacho, akakipeleka Thika kesho yake. Gachanja alikizunguka akipiga makofi. "Haiya! Hii ni yenyewe kabisa!" Akaweka pua juu ya dirisha la jikoni, akavuta. "Na inanuka moshi! Wee fundi, wewe ni mbaya!"

Mwanarusi alipoambiwa habari hiyo alilala usingizi mtamu. Mama yake alikuwa anakunywa uji na kuuliza habari za majirani. Yeye akakaa kungoja msiba wa Thika. Alingoja akipika, alingoja akifua, na kadiri alivyongoja kifua chake kilizidi kujaa, akadhani ni hamu.

Simu ikaja mchana mmoja. Salehe akaiweka spika.

"Fundi, niaje?" Sauti ya Gachanja ilikuwa nzima, imeshiba. "Wageni wameipenda hiyo kitu vibaya sana. Sasa nataka ingine ya kuweka kwangu nyumbani."

Juu ya dari mabati yakalia. Salehe akaangalia juu, kisha akamwangalia mkewe. Mwanarusi alikuwa amekwisha kuichukua simu.

"Kwako nyumbani ni wapi, Bwana Gachanja?" akauliza.

Tajiri akacheka. "Kwani mama una homa? Hiyo sauti imekauka!" Akaeleza njia vizuri, hata na rangi ya geti. "Karibu sana, mama. Kuja wakati wowote."

Bi Farhiya alikuwa ametoka chumbani akijishikilia ukutani. Alimwona binti yake akikata simu, na uzi mwembamba wa moshi ukimtoka puani. Akaanza kulia bila sauti.

"Mwanangu, litoe. Tumwite Fahim. Litakumaliza wewe kabla hujafika kwake."

"Linimalize," Mwanarusi akasema. "Bora nifike."

Akaenda kutafuta viatu vyake.