Sabuni kwenye Dirisha la Babu

Kila asubuhi Aila alikuwa na kazi mbili: kumsogeza Babu Toivo dirishani, na kuhakikisha mlango wa nyuma umefungwa. Majani yalikuwa yameanza kuwa mekundu mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani. Ndege wadogo waimbaji, wakiikimbia baridi kwenda kusini, walitua kwenye mtofaa wa uani wapate kula na kupumzika. Babu hakuweza tena kutembea, na kuwatazama ndiyo ilikuwa raha yake. Kwa hiyo Misu, paka wao, hakuruhusiwa kutia hata mguu nje.

Jumamosi moja Aila alitoka mbio kuchukua baiskeli, akasahau mlango. Aliporudi, alimkuta Misu amesimama juu ya ndege mwenye kifua cha manjano. Ndege alikuwa amekwisha kufa. Aila alimfukuza paka akaingia ndani, na papo hapo Bibi Helmi akatokea.

"Maskini! Amepatwa na nini huyu?"

"Amegonga kioo, Bibi."

Bibi hakushuku kitu. Kila mwaka ndege walidanganywa na kivuli cha miti kwenye vioo, wakavigonga. Alichukua kipande cha sabuni, akalipaka dirisha lote la Babu kwa nje mpaka likawa jeupe.

"Helmi, umeniletea ukungu nyumbani?" Babu aliuliza.

"Vumilia, mzee wangu. Mpaka theluji ianguke, ndege wawe wamekwenda zao."

Kesho yake ndege waliimba sana. Babu alitega sikio mbele ya kile kioo cheupe. "Aila, yupo wa manjano? Nisimulie basi, mjukuu wangu."

Aila aliona aibu, machozi yakamlengalenga. "Babu, yule ndege hakugonga kioo. Misu alimkamata. Ni mimi niliyeacha mlango wazi."

Bibi aliweka birika la kahawa mezani. "Na mimi nimemaliza sabuni nzima! Ulitaka kumficha paka, kumbe unampaka babu yako sabuni machoni."

"Nisamehe, Bibi."

"Chukua ndoo. Uoshe, lakini ubakize mistari mistari, ndege wajue kuna kioo."

Aila aliosha mpaka vidole vikafa ganzi. Aliporudi ndani, Bibi alimfunika blanketi mabegani.

"Sikiliza, mwanangu. Kwa mlango ningekukemea tu, yakaisha. Lakini uongo wako ulimfungia dirisha mtu asiye na kosa. Siku nyingine sema mapema."

"Amesikia, Helmi," Babu alisema, akichungulia katikati ya mistari. "Hebu nipisheni. Wa manjano wamekuja watatu."