Zawadi ya Mbu Wawili

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka Tunduma, Nesta alipitia nyumbani kwa kina Naila ili waende shule pamoja. Njia yao ilifuata barabara kuu, na barabara kuu ilijaa malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani. Nesta alitembea upande wa malori, Naila upande wa ndani, wameshikana mikono. Lori likipiga honi nyuma yao, Nesta alimvuta mwenzake pembeni, maana Naila aliisikia honi hiyo kama mtu anayeguna chumba cha pili.

Masikio ya Naila yaliugua alipokuwa mdogo. Yalitoa usaha kwa muda mrefu, na yalipopona yakabaki mazito. Mtu akisimama mbele yake na kusema wazi, Naila alimwelewa kwa kuunganisha sauti na midomo. Mtu huyo akigeuka tu, maneno yalipotea. Ndiyo maana walipoingia Darasa la Tano, Mwalimu Fortunata aliwaketisha dawati moja la mbele, akamwambia Nesta, "Wewe ni kiranja, na unatamka vizuri. Kuanzia leo wewe ndiye sikio la Naila. Nikisema jambo akalikosa, mrudie."

Mwaka mzima Nesta aliifanya kazi hiyo vizuri, hilo tusimnyime. Lakini katika mtihani wa kwanza wa Darasa la Sita, Naila akawa wa kwanza katika Hisabati na Nesta akawa wa nne. Mama yake Nesta aliitazama karatasi ya matokeo, akacheka. "Kwa hiyo asiyesikia ndiye anayesikia kuliko wewe?" Mama aliusema kama utani tu, akaenda zake kupepeta mahindi. Utani ule ulimwingia Nesta, ukaota mizizi.

Wiki iliyofuata kulikuwa na imla. Mwalimu Fortunata alitembea nyuma ya darasa akisoma, "Mwenyekiti wa kijiji alipewa zawadi ya mbuzi wawili wanono." Naila alimtazama Nesta kama kawaida. Nesta akamgeuzia uso, akatamka taratibu, "Mwenyekiti wa kijiji alipewa zawadi ya mbu wawili wanono."

Naila alikunja uso kidogo. Lakini Nesta hakuwahi kumdanganya, basi akaandika.

Kwa bahati mbaya, siku hiyo Mwalimu alimwita yeye asome. Naila alisimama, akasoma kwa sauti yake nzito: "... alipewa zawadi ya mbu wawili wanono." Darasa zima likaangua kicheko.

"Naila, unalifanyia mzaha somo langu?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Mimi ..." Alimtazama Nesta. Nesta alikuwa ameinamia daftari lake kama mtu anayetafuta sindano. Naila alipigishwa magoti mbele ya ubao mpaka kipindi kikaisha, na hakumtaja aliyemwambia.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Mbu. Brayan, mwenzao wa darasa, alianzisha mchezo wa kumnyemelea kwa nyuma, anaweka mdomo karibu na ushungi wake mweupe na kufanya "nzzzzz!" Naila hakusikia kitu. Aliendelea kula muhogo wake kwa utulivu, huku nyuma yake watu wakishikana mbavu. Nesta alicheka kuliko wote. Na ukatili ndivyo ulivyo: ukishachekesha mara moja, kila mtu anaomba zamu.

Uongo nao ukazoeleka. Mwalimu akisema kesho waje na majembe, Nesta alimwambia Naila waje na mifagio. Mwalimu akitoa maswali ya ukurasa wa kumi na mbili, Naila alifanya ya ukurasa wa ishirini. Alisemwa kwa uvivu, akarudishwa nyumbani, akasimamishwa mstarini mbele ya shule nzima. Alama zake zikaporomoka.

Mchana mmoja wakirudi nyumbani, Naila alisimama ghafla kando ya barabara. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nesta, baba amesema mtihani wa muhula nikifeli hanirudishi tena shule. Anasema naaibika bure, bora nikae naye dukani nifunge mizigo." Mzee Abdulwahab, baba yake, aliuza vitenge karibu na stendi, na alikuwa mtu wa neno moja. "Nina wewe tu. Siku ya imla unitamkie taratibu, eti?"

"Usijali, rafiki yangu," Nesta alisema. Akamshika mkono, akamvusha barabara.

Siku ya mtihani, Mwalimu Fortunata aliingia na daftari la mahudhurio, karatasi, na simu aliyoiweka mezani, hatua mbili tu kutoka dawati la mbele. Hakuna aliyejali. Walimu wote wana simu.

"Andikeni. Anga lilikuwa limejaa nyota."

Nesta alimgeukia Naila, akanong'ona huku akichezesha midomo vizuri, "Anga lilikuwa limejaa nyoka."

Naila alimtazama muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaitikia kwa kichwa, akainama kuandika.

"Muuguzi alimpa mgonjwa dawa," Mwalimu akaendelea.

"Muuguzi alimpa mgonjwa dagaa," Nesta akanong'ona. Sentensi kumi zilisomwa, na katika sita Nesta aliweka sumu yake. Kazi hiyo ilimtoa jasho, kwa kuwa si rahisi kuwa na masikio mawili na ndimi mbili kwa wakati mmoja.

Kengele ya mapumziko ilipolia, Mwalimu alisema, "Nesta, kusanya karatasi uziweke mezani. Naila, mama, nisuuzie kitambaa cha ubao." Akatoka kwenda ofisini.

Bomba la maji lilikuwa nje, chini ya dirisha la darasa. Nesta alipanga karatasi juu ya meza ya Mwalimu, kando ya ile simu. Brayan na Sufiani walimsogelea.

"Leo nimemmaliza," Nesta alisema. Hakujisumbua kushusha sauti. Ya nini? "Nyota nimemwambia nyoka. Dawa nimemwambia dagaa."

"Oya, Mbu kala dagaa!" Brayan alipiga meza kwa kucheka. "Nzzzzz!"

"Na akifeli, baba yake anamtoa shule. Kaniambia mwenyewe, analia."

Sufiani hakucheka. "Lakini Nesta, hiyo ya kutolewa shule si imezidi?"

"Imezidi nini? Kwani akikaa hapa anasikia nini? Kumfundisha Naila ni sawa na kufundisha jiwe."

Nje, ndoo ilikuwa imejaa na maji yalikuwa yanamwagika, lakini hakuna aliyefunga bomba. Naila alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, amewapa mgongo. Hakugeuka, na Nesta hakuona ajabu yoyote. Kisha bomba likafungwa. Nyayo zikazunguka ukuta, na Naila akaingia, maji yakimdondoka vidoleni.

"Jiwe limesikia, Nesta," alisema.

Brayan alidakia, "Kasikia nini huyu?"

"Nyota, nyoka. Dawa, dagaa. Mbu kala dagaa, nzzzz. Akifeli baba yake anamtoa shule." Naila alirudia neno kwa neno, bila kupandisha sauti, kama anayesoma imla. Kisha akainua ukingo wa ushungi wake. Katika kila sikio palikuwa na kitu kidogo cheupe. Zilikuwa eafoni zisizo na waya, zile ambazo vijana wa stendi huchomeka kusikiliza muziki.

Nesta alitazama dirisha, akatazama eafoni, na mwishowe akaitazama simu iliyolala mezani karibu na mkono wake.

"Simu hiyo si ya Mwalimu. Ni ya kaka Zahoro," Naila alisema. "Inashika sauti inaniletea masikioni. Tangu Jumatatu nasikia." Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. "Jumatatu ulichoniambia hakikufanana na nilichosikia. Nikajua hizi eafoni ni mbovu. Nikamrudishia kaka, nikamwambia azitengeneze, zinasema uongo. Akazipima, akaniambia ni nzima. Nilizishuku zenyewe, Nesta. Wewe sikukushuku."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Fortunata alikuwa amesimama mlangoni, na haikujulikana alikuwa pale tangu lini.

Mwalimu alisahihisha karatasi jioni ileile, kisha akamwita Nesta ofisini. Aliweka karatasi mbili juu ya meza. Ya Naila ilikuwa na sentensi kumi sahihi kati ya kumi. Ya Nesta ilikuwa na alama nyekundu kila mahali. Anga lake lilijaa nyoka, na mgonjwa wake alipewa dagaa. Katika kuhangaika kumtungia mwenzake uongo, Nesta alikuwa ameuandika mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia kichwa mbele.

"Zahoro ni fundi simu," Mwalimu alisema. "Alimpeleka mdogo wake hospitali. Daktari akampima, akasema masikio hayajafa, yanahitaji kifaa cha kusaidia kusikia, kile kinachoitwa shimesikio. Familia haikukimudu. Ndipo Zahoro akakumbuka kwamba baadhi ya simu zinaweza kufanya kazi hiyo na eafoni hizi za kawaida. Daktari akakubali wajaribu, mradi sauti isiwe kubwa na masikio yapumzishwe. Si sawa na shimesikio lenyewe, chaji huisha na kelele huingia, lakini inamsaidia. Naila aliniomba nisimtangaze mpaka azoee. Aliogopa kuchekwa. Sasa najua kwa nini."

Nesta alianza kulia.

"Lia, lakini usikie. Mimi pia nina kosa. Nilimpigisha magoti mtoto bila kumuuliza, na kesho nitamwomba radhi mbele yenu. Lakini wewe nilikukabidhi amana. Mtu akikupa fedha umtunzie ukala, utamlipa. Akikukabidhi sikio lake ukalitia uongo, utamlipa kwa nini? Uliona udhaifu wa mwenzako ukaufanya ngazi, tena hukufika popote. Kumbuka hilo utakapokuwa mtu mzima: anayekutegemea ndiye anayekupima wewe ni nani." Akanyoosha mkono. "Beji."

Nesta aliivua beji ya ukiranja, akaiweka mezani.

Kesho yake, Mwalimu alimwomba Naila radhi mbele ya darasa, kama alivyosema. Kisha ikawa zamu ya Nesta. Alisogea mbele, macho chini, akafungua mdomo. Naila aliinua mkono kumsimamisha. Alichomoa eafoni moja, kisha ya pili, akazirudisha katika kikasha chake na kukifunga.

"Sema sasa," alisema. "Sina masikio. Nitazame, utamke taratibu, kama ulivyotamka mbu."

Nesta alilazimika kuinua uso. "Nisamehe," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia."

"Nisamehe, Naila. Nilikudanganya kwa sababu ya wivu."

"Sijasikia."

Mara ya tatu Nesta alilisema kwa sauti iliyofika mpaka dawati la nyuma, neno baada ya neno, machozi yakiingia mdomoni. Darasa lote lilisikia. Brayan alitazama sakafu.

"Nimesikia," Naila alisema. Akafungua kikasha, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, ila si kwa Nesta. Alikuwa anamwonyesha Sufiani vile vitu viwili vyeupe. "Hawa ndio mbu wangu wawili. Zawadi ya kaka."

Mzee Abdulwahab aliyaona matokeo, akasema neno moja: "Soma."

Siku ile ya kuombwa radhi, wakati wa kurudi nyumbani, Naila alitoka getini peke yake, simu ya kaka yake ikiwa mfukoni. Nesta alimfuata nyuma kwa hatua chache. Hakuthubutu kumsogelea, wala hakuweza kupita njia nyingine. Foleni ilikuwa ndefu. Ghafla lori moja lilichomoka kwenye msururu likapiga honi nyuma yao, na Nesta, kwa mazoea ya mwaka mzima, alinyoosha mkono amvute mwenzake.

Mkono ulibaki hewani. Naila alikuwa amekwisha kusogea pembeni mwenyewe.