Maneno ya Bombani

Warda aliyasikia bombani, na tangu siku hiyo yakamganda kama doa la bibo kwenye sare: eti kaka yake, Abdulrazak, katupiwa jini na baba mdogo Nurdin kwa kuionea kijicho mikorosho yao.

Hakujua aamini lipi. Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yao, ndiye aliyewanunulia madaftari. Lakini Abdulrazak, aliyewashinda vijana wote wa Kitomanga kwa kuokota korosho, sasa alishinda chini ya mkorosho akibishana na watu wasioonekana.

"Wanasema nini, kaka?"

"Kwani husikii?" Akamkazia macho. "Au umewaficha wewe?"

Mama yao, Mwahija, akaamini ya bombani. Akampiga marufuku Nurdin kukanyaga nyumbani kwake. Badala ya kusubiri mnada, akauza korosho kwa kangomba, bakuli kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, apate fedha za mganga. Magunia matatu yakayeyuka. Abdulrazak akarudi kutoka kwa mganga na chale mpya na sauti zilezile. Warda akaachishwa darasa la sita amlinde.

"Siingii kwenu," rafiki yake Fauzia alisema akiwa njiani. "Mama kasema jini linaambukiza kama upele."

"Basi jikune!" Warda akajibu, machozi yakimlengalenga.

Asubuhi moja Nurdin akaja, akasimama nje ya uwanja. "Shemeji, nitukane utakavyo. Lakini mtoto tumpeleke hospitali."

Warda akamgeukia mama yake, akasema, "Mama, aliyemroga mtu anataka apone?"

Mama akachukua mtandio wake.

Huko Lindi, Daktari Happiness alizungumza kwanza na Abdulrazak mwenyewe, kisha akamgeukia mama. "Huu ni ugonjwa wa akili, unaitwa skizofrenia. Hakutupiwa na mtu, wala hauambukizi. Dawa zipo."

"Atapona lini?"

"Polepole, mama. Huenda akameza dawa kwa muda mrefu. Asiziache."

Msimu uliofuata Abdulrazak aliokota tena. Si kama zamani, maana dawa zilimletea usingizi mchana, lakini magunia yalifika mnadani. Warda akarudia darasa la sita, wenzake wakiwa la saba. Mama akaenda kumwomba Nurdin radhi.

"Yamepita, shemeji," Nurdin akasema. "Ila pilau nakudai."

Jioni hiyo mama akamwambia Warda, "Ugonjwa ulitutia hasara, mwanangu. Lakini hasara nyingine tuliitafuta wenyewe. Chukua daftari, andika."

Warda akaandika:

Usimwite mgonjwa wa akili kichaa.
Usimfunge kamba, usimfiche.
Usiuze korosho kwa kangomba ili kumsaka mchawi.
Usiache dawa kwa kuwa umepata nafuu. Kamuulize daktari kwanza.
Usimtoe mtoto shule awe mlinzi.
Usimkimbie rafiki ambaye nyumbani kwao kuna mgonjwa.
Ukitoka bombani, beba maji tu.