Mke Wangu na Yule "Fundi" wa Kwenye Simu

"Rudi, nakuomba… bila wewe hata kitandani siamki!"

Sauti ya mke wangu hiyo, ndugu zangu. Chumbani kwangu. Saa kumi alasiri. Na mimi nipo nje ya mlango, begi begani, sijamwambia mtu kama narudi leo!

Nikaupiga mlango teke.

Yuko peke yake, kakaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. Nikaipora. Kwenye kioo kumeandikwa: FUNDI.

Fundi!! Mimi naezeka mapaa mwaka wa arobaini huu. Fundi gani mwingine ndani ya nyumba ya fundi?

"We nani?!"

"Shikamoo, baba."

Jizi linaniamkia! Na mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukajibu, "Marahaba." Hapo ndipo nilipopagawa kabisa.

"Baba, naomba usikate. Mama yuko sawa hapo?"

Nikaibamiza simu ukutani.

Mke wangu hakupiga kelele. Alipiga magoti, akaokota vipande kimoja kimoja.

"Yule ni mshauri," akasema. "Wa wafiwa na wenye sonona. Tunaongea mtandaoni kila Jumatano. Nimemwandika Fundi ili ukiona usinicheke."

Jamani… mwaka juzi tulimzika binti yetu wa pekee. Udongo haujakauka, nikabeba nyundo zangu nikaenda mji mwingine kuezeka. Kisha mwingine. Nilisema natafuta riziki. Mwongo mkubwa! Nilikuwa nakikimbia kiti chake pale mezani. Na mke wangu aliponitajia habari za ushauri, nilimwambia hayo ni mambo ya vichaa.

"Na yale maneno? Nani arudi?"

Akapanda kitandani, akageukia ukuta.

Siku tatu!

Nikapika uji, ukaganda. Nikapanda juu nikaziba paa ambalo halivuji. Nikamwambia, "Mwenzangu, hata nitukane basi." Akavuta shuka hadi kichwani. Nimewafunika watu wangapi mvua isiwapate… wangu analowa ndani ya nyumba, na sina bati la kumfunika.

Jumamosi nikamwita jirani aje akae naye, nikaenda kwa fundi simu.

"Mzee, hii uliikanyaga na tingatinga?"

Akabadilisha kioo. Kuwasha tu, inaita… FUNDI.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hasemi. Hali. Nifanye nini?"

"Amesema hataki kuishi?"

"Nimekwambia hasemi kitu!"

"Muulize waziwazi. Akisema hataki, mpeleke hospitali hapo hapo, usingoje Jumatano. Na asibaki peke yake."

"Na yale maneno alikuwa anamwambia nani?"

"Aliyoniambia ni yake, baba. Kamuulize mwenyewe."

"Basi nipe kazi, mwanangu. Kazi yoyote!"

"Kaa."

"Nikae wapi?"

"Nyumbani."

Nimetembea miji ambayo hata majina yake nimesahau. Neno hilo moja likanishinda kubeba.

Nikarudi, nikamuuliza mke wangu lile la kuishi.

"Sitaki kufa," akasema. "Nimechoka tu."

Nikapumua. Nikauliza la pili, la yale maneno.

"Yalikuwa yako," akauambia ukuta. "Nilikuwa najifunza kuyasema, ili siku ukipiga simu niyamalize bila kulia. Wiki sita tunafanya mazoezi. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nimefika mwisho."

Ndugu zangu!!

"Yaseme sasa. Si nimerudi? Nipo hapa!"

Akageuka. Akaanza, "Rudi, naku…"

"Siwezi. Yameondoka."

Leo ni Jumatano. Kachukua simu, kafunga mlango. Mshauri aliuliza kama niingie, mke wangu akasema bado. Msimamizi wa ujenzi ananipigia tangu asubuhi, kuna ghorofa mji wa mbali linataka paa. Miguu inaniwasha, nisiwafiche. Sipokei.

Wanaume wenzangu, ukimkuta wako anamlilia mtu kwenye simu, usitangulize teke. Jiulize kwanza, wewe ulikuwa wapi hata akatafuta pa kulilia. Na aliyepata pa kusemea msiba wake mwache aseme, hata kama ni kwa kijana asiyemjua, kupitia kioo cha simu.

Huko ndani nasikia mnong'ono tu. Siweki sikio.

Mlango bado umefungwa. Nimekaa.